Uzi: Cheti chako kitapokelewaje na chuo kikuu cha nchi nyingine? Uhakiki, ulinganifu na udahili ni mambo matatu

Mwalimu wa Taaluma (Moshi)

Ndugu wazazi na wanafunzi, kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali linalofika ofisini kwangu huwa limeanzia upande usiofaa. Mzazi huweka cheti mezani na kuuliza kama "kinatambulika nje". Hakuna cheti kinachotambulika nje kwa ujumla. Chuo fulani, katika nchi fulani, kwa kozi fulani, hukipokea cheti jinsi kilivyo, au hukipokea kwa sharti, au hukikataa. Na cheti kilekile chaweza kupewa majibu yote matatu na vyuo vitatu tofauti bila hata kimoja kuwa kimekosea. Kwa hiyo anayetaka kusoma ng'ambo aanze na chuo na kozi, kisha arudi nyuma hadi kwenye cheti chake.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na mkanganyiko huo ndio unaowanufaisha mawakala. La kwanza ni uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba cheti ni halali na alama zilizomo ni zako. Kazi hiyo ni ya baraza lililokutahini: NECTA kwa Tanzania, KNEC kwa Kenya, UNEB kwa Uganda. La pili ni ulinganifu, yaani kuamua cheti hicho kinasimama wapi katika ngazi za elimu za nchi unayokwenda, na hilo huamuliwa na nchi ipokeayo, wala baraza lako la nyumbani halina kauli juu yake. La tatu ni udahili, yaani kupewa nafasi. Mtu aweza kuwa na cheti kilichohakikiwa na kulinganishwa vizuri, na bado akakosa nafasi kwa sababu kozi ina waombaji wengi wenye alama bora kuliko zake. Barua ya ulinganifu haimlazimishi mkuu wa kitivo kukupa kiti.

Mfano ulio bayana kuliko yote ni KCSE, cheti cha kumaliza sekondari cha Kenya. Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4 (minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) mwaka 1985, mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanyika mwaka 1989, na kidato cha tano na cha sita vikafutika. Tangu hapo mwanafunzi wa Kenya huingia chuo kikuu baada ya miaka 12 ya shule, ilhali wa Tanzania na Uganda huingia baada ya miaka 13, yaani saba ya msingi, minne ya sekondari ya kawaida na miwili ya sekondari ya juu. Chukueni sasa mhitimu wa KCSE mwenye alama nzuri. Marekani atapokelewa kama mhitimu yeyote wa sekondari, kwa kuwa kwao pia shule ni miaka 12. Uingereza vyuo vingi vitamwambia kwamba cheti chake kinakaribiana na mtihani ambao Waingereza huufanya wakiwa na umri wa miaka 16, hivyo atahitaji mwaka wa matayarisho. Ujerumani itampeleka kwenye utaratibu wake yenyewe, ambao nadhani wapo humu wanaoufahamu kuliko mimi.

Mwenye cheti cha kidato cha sita cha Tanzania hana tatizo hilo la mwaka uliopungua, ila ana jingine, nalo ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliyosoma. Aliyesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anaweza kuwa na daraja la kwanza la kujivunia, lakini akiomba kozi ya uchumi inayodai hisabati ya kidato cha sita, daraja hilo halitamsaidia. Vyuo vingi vya Uingereza huomba pia Kiingereza na hisabati vya kidato cha nne, kwa hiyo wale wanaoacha cheti cha kidato cha nne kabatini wakidhani kimekwisha kazi, wakitoe.

Karibuni kwa maswali. Ombi langu ni moja: taja nchi, kozi na cheti ulicho nacho, vinginevyo tutajibizana hewani.

Mama wa Nyali

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu alifanya KCSE akapata B+, na KUCCPS, ofisi ya kupanga wanafunzi vyuoni, imempangia uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja cha umma hapa Kenya. Yeye moyo wake uko Ujerumani. Wakala mmoja hapa Mombasa ametuambia kwamba atampatia "cheti cha usawa" kitakachomwingiza moja kwa moja mwaka wa kwanza, tukilipa nusu ya fedha mapema. Je, cheti hicho kipo?

Mwalimu wa Taaluma (Moshi)

Marahaba Mama. Kwanza, msilipe. Hakuna wakala anayetoa ulinganifu wa Ujerumani, wala hawezi kuununua. Nawaachia walioko huko waeleze.

Mwanaleipzig

Mama, mimi nilipita njia hiyo, na sasa namalizia shahada hapa Leipzig. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu habari zilizotapakaa mitandaoni ni nusunusu.

Ujerumani ni shirikisho, na elimu iko chini ya majimbo. Majimbo hayo yana ofisi moja ya pamoja ya kutathmini elimu ya nchi za nje, iliyoko Bonn, ambayo huendesha hifadhidata iitwayo anabin. Humo kila nchi ina ukurasa wake, na kila cheti cha sekondari kimeandikiwa kinachofungua: udahili wa moja kwa moja katika kozi zote, udahili wa moja kwa moja katika fani fulani tu, au njia ya matayarisho. Hifadhidata hiyo iko wazi kwa yeyote, bila malipo. Iko kwa Kijerumani, na hilo pekee ndilo linalowapa mawakala riziki.

Hata hivyo si anabin inayokudahili. Vyuo vingi vimeikabidhi uni-assist, taasisi iliyoko Berlin, kazi ya kukagua nyaraka za waombaji kutoka nje. Unalipa euro 75 kwa ombi la kwanza la muhula, na euro 30 kwa kila ombi linaloongezeka. Wanakagua, wanabadilisha alama zako kuwa za Kijerumani, kisha wanapeleka faili chuoni. Tarehe ya mwisho kwa muhula wa baridi mara nyingi ni 15 Julai, na kwa muhula wa kiangazi 15 Januari, ila mwenye busara hutuma wiki nyingi kabla, kwa sababu karatasi moja iliyokosa muhuri hurudisha faili zima.

Mwenye cheti kisichofungua mlango moja kwa moja hupelekwa Studienkolleg, yaani mwaka wa matayarisho wa mihula miwili, unaomalizikia kwenye mtihani uitwao Feststellungsprüfung. Wanafunzi hugawanywa kwa fani: kozi ya T ni ya uhandisi, hisabati na sayansi zisizo za viumbe, M ni ya udaktari na baiolojia, W ya uchumi na biashara, G ya fani za jamii na sanaa, na S ya lugha. Mwanao angehitaji T. Hapa watu wengi huduwaa, kwa kuwa kuingia Studienkolleg kwenyewe kuna mtihani. Watamtahini Kijerumani, na kwa kozi ya T watamtahini hisabati pia, kwa Kijerumani hichohicho. Anayekuja na Kijerumani cha miezi mitatu hutaabika sana. Goethe-Institut, inayofundisha Kijerumani, ipo Nairobi na ipo Dar es Salaam. Ningekuwa mzazi, fedha za wakala ningezipeleka huko.

Jambo jingine ambalo halisemwi: zipo Studienkolleg zilizo chini ya vyuo vikuu na zipo zilizo chini ya vyuo vya sayansi tumizi. Mtihani wa zile za kwanza hukuruhusu kuomba chuo kikuu popote nchini. Wa zile za pili hukuruhusu kuomba vyuo vya sayansi tumizi tu. Zipo pia za binafsi zinazotoza ada kubwa, ilhali za umma kwa kawaida hutoza mchango wa muhula tu. Mtu akikuandikia kwamba "ameshampatia nafasi" mwanao, muulize ni Studienkolleg ipi, ya nani, na mtihani wake unatambulika na nani.

Na mwaka huo una gharama yake hata pasipo ada. Tangu Septemba 2024 mwanafunzi anayeomba viza huonyesha euro 11,904 katika akaunti iliyozuiwa, ambayo humruhusu kutoa euro 992 kwa mwezi. Mwaka wa matayarisho ni mwaka kamili wa kiasi hicho, juu ya miaka ya shahada. Hesabu hiyo ifanyike mapema kabla ya kuuza kiwanja.

Kwa mwanao ipo njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni bora. Kwa nchi nyingi, anabin hukubali kwamba mtu aliyesoma na kufaulu chuo kikuu kinachotambulika nyumbani, kwa mwaka mmoja au zaidi kadiri ukurasa wa nchi unavyosema, aombe moja kwa moja fani ileile bila Studienkolleg. Mwanao tayari ana nafasi ya uhandisi. Asiitupe.

Baba Kalemie

Habari zenu ndugu. Mimi ni Mkongomani, naishi Kigoma kwa shughuli za biashara ya ziwani. Binti yangu amepata Diplôme d'État upande wa baiolojia na kemia kwa asilimia 62, na kwetu hiyo ni alama ya heshima. Nataka asome Tanzania, ila shangazi yake aliyeko Ubelgiji anamvuta huko, na kuna mtu kazungumzia Ujerumani. Nianze wapi?

Mwalimu wa Taaluma (Moshi)

Karibu sana Baba. Kwa Tanzania njia iko wazi, ingawa ina hatua. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na NECTA, stashahada huangaliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na shahada za nje hutambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Binti yako ana cheti cha sekondari, basi ofisi yake ni NECTA. Kwa kuwa kimeandikwa kwa Kifaransa, kitahitaji tafsiri rasmi. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo, na tafsiri yao haina wa kuihoji hapa nchini. Usimpe kijana wa duka la fotokopi aitafsiri kwa programu ya simu, kwani masomo ya Kongo yana majina yasiyo na mwenzake wa wazi kwetu, na kosa la jina la somo laweza kumnyima kozi.

Ujue pia kwamba huku kwetu udahili wa shahada hupimwa kwa pointi za masomo mawili yanayohusu kozi, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na kiwango cha chini cha jumla ni pointi 4 kwa kozi nyingi. Kozi za afya zina masharti yake mazito zaidi. Asilimia 62 ya jumla haisemi chochote juu ya kemia peke yake. Kwa hiyo tafuta karatasi yenye alama za kila somo, pamoja na ripoti za shule za miaka ya mwisho. Ukifika na cheti peke yake chenye asilimia moja, utarudishwa.

Mwanaleipzig

Baba, kuhusu Ujerumani naomba nikuonyeshe hesabu, maana ndiyo inayowavunja moyo Wakongomani wengi bila kuelezwa sababu. Wajerumani hubadilisha alama kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria: unachukua alama ya juu kabisa inayowezekana, unatoa humo alama uliyopata, unagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na alama ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa tatu, kisha unajumlisha moja. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Tukichukua 100 kuwa ya juu na 50 kuwa ya chini ya kufaulu, binti yako mwenye 62 anapata karibu 3.3. Mjerumani akiisoma hiyo anaona mwanafunzi aliyefaulu kwa shida, ilhali Kongo watahini huibana sana mikono na mtu mwenye 62 hupongezwa na jirani wote. Kanuni haijui ukali wa mtahini. Katika kozi zenye waombaji wengi, kama udaktari, tofauti hiyo ndiyo inayofunga mlango. Katika kozi zisizo na ukomo wa nafasi haimdhuru.

Ubelgiji ni kisa kingine. Kwa vyuo vya upande wa Kifaransa ataomba kwanza uamuzi wa ulinganifu wa cheti cha sekondari kutoka serikali ya jumuiya ya Kifaransa, na maombi ya wanaotaka kuanza masomo mwaka huohuo hufungwa 15 Julai. Faida yake ni kwamba hatahitaji kujifunza lugha mpya, na ofisi hiyo imekwisha kuona vyeti vingi vya Kongo. Kama fedha za kuishi huko zipo kweli, mimi ningeuweka mlango huo mbele ya ule wa Ujerumani.

Mpita Njia

Nimewasoma wote kwa makini, na bado naona jambo hili linanuka dharau. Mkenya wa miaka 12 anaambiwa hajatosha, wakati Rwanda, Burundi na Kongo nazo ni miaka 12, na Marekani yenyewe ni miaka 12. Nani aliwapa Wazungu mizani?

Mwanaleipzig

Ndugu, hapa jimbo la Sachsen nilipo watoto wa Kijerumani wenyewe hufanya Abitur, mtihani wao wa kumaliza sekondari, baada ya miaka 12, kwa hiyo idadi ya miaka si sababu nzima. Wanachodai ni kwamba miaka miwili ya mwisho iwe ya kusoma masomo machache kwa kina. Waweza kukataa hoja hiyo, nami siikubali yote, lakini ni vyema kuijua ili kuijibu.

Mwalimu wa Taaluma (Moshi)

Mpita Njia ana haki ya kukereka, ila mizani hiyo haiko Ulaya peke yake. Wakenya wanaovuka kwenda Uganda nao huulizwa habari za kidato cha sita, na huko ni jirani na jirani. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu, na baraza la vyuo vikuu la Jumuiya, lenye makao Kampala, lina mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu. Makubaliano yapo. Dirishani kwa ofisa udahili, mwombaji bado hukuta orodha ya zamani.

Barani Afrika tulianza na Mkataba wa Arusha wa mwaka 1981, ukafuatwa na ule wa Addis Ababa wa mwaka 2014, ulioanza kutumika Desemba 2019. Ulaya wana wao wa Lisbon wa mwaka 1997. UNESCO ikapitisha wa dunia nzima Novemba 2019, ukaanza kutumika Machi 2023. Mikataba hii mipya ina wazo moja linalomfaa mwombaji: cheti kinachomruhusu mtu kuingia chuo kikuu kwao kipokelewe na kwa mwenzake, isipokuwa ionyeshwe kwamba kuna tofauti kubwa ya kweli, na mzigo wa kuionyesha uko kwa anayekataa. Hufunga nchi zilizoridhia tu, hivyo mwombaji aangalie kama ya kwake na anayokwenda zote zimo. Zikiwemo, ana haki ya kupewa sababu za kukataliwa na njia ya kukata rufaa. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi utagundua kwamba kilichokosekana ni karatasi, na cheti chenyewe hakina neno.

Nami niongeze linalotuhusu Watanzania. Chini ya Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Kidato cha tano na cha sita vinabaki, lakini jumla itakuwa miaka 12. Kenya nayo inaondoka 8-4-4. KCSE ya mwisho ni ya mwaka 2027, na mfumo mpya una miaka mitatu ya sekondari ya juu yenye masomo ya kuchagua. Ofisi za ng'ambo zitalazimika kuandika upya kurasa zetu zote mbili. Watoto watakaokuwa wa kwanza katika mifumo hiyo waandaliwe maelezo ya shule kuhusu mtaala wao, kwa sababu ofisa wa Bonn, au wa Cheltenham kule Uingereza, hatakuwa amewahi kuona cheti chao.

Baba Kalemie

Nimeelewa. Nina swali dogo. Katika cheti binti ameandikwa majina matatu, pasi ina mawili, na mpangilio umegeuzwa.

Mwalimu wa Taaluma (Moshi)

Hilo si dogo, Baba. Rekebisha pasi ifuate cheti, usijaribu kinyume chake, kwa kuwa baraza la mitihani halibadilishi jina kwa urahisi. Ikishindikana, pata hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, itafsiriwe pamoja na cheti, na itumwe tangu siku ya kwanza badala ya kungoja waulize.

Mama wa Nyali

Asanteni sana. Tumezungumza nyumbani, na wakala tumemwambia hapana. Mwanangu ataripoti chuoni hapa na kusoma Kijerumani jioni. Je, mwaka wa kwanza ukiisha atahitaji nini hasa?

Mwanaleipzig

Aombe kwa msajili matokeo ya mwaka mzima yaliyogongwa muhuri na kutiwa saini, yakionyesha kila somo, alama zake na saa zake za masomo, pamoja na maelezo ya mizani ya alama na kiwango cha chini cha kufaulu. Asiache somo hata moja likining'inia, kwa sababu mwaka unaohesabiwa ni ule uliofaulu wote. Asihame kwenda fani nyingine mwaka huo, maana mlango utakaofunguka ni wa fani aliyoisoma. KCSE bado itahitajika pamoja na hayo, kwa hiyo atayarishe mapema nakala zilizothibitishwa, na ajue kwamba KNEC hupokea mtandaoni maombi ya kuthibitisha matokeo na huyatuma yenyewe kwa taasisi inayoyahitaji. Na kabla ya kutuma chochote, afungue tena ukurasa wa Kenya ndani ya anabin siku hiyohiyo, kwani hubadilishwa bila tangazo.